Baada ya Mafiga

Siku kambi ilipovunjwa, vilibaki vitu vitatu tu chini ya turubai: sanduku moja la mawe, barua moja isiyo na jina, na ufunguo mmoja uliofungwa kwa kamba ya katani. Walibaki pia watu watano. Wapagazi wengine walikuwa wamekwisha kwenda makwao kupanda, maana mvua ya kwanza ya mwaka wa kwanza wa Uhuru ilikuwa imenyesha vizuri, na hakuna aliyetaka kuikosa kwa ajili ya mawe ya watu.

Kwa miaka miwili walikuwa wakichimba mashimo katika kilima kile kilicho nyuma ya Msambweni. Mkubwa wao alikuwa Mmarekani mmoja waliyemwita Bwana Jiwe, kwa sababu kila jiwe lililotoka shimoni alililamba kwanza ndipo aandike habari zake. Alikuwa ameondoka jana yake. Aliacha barua kwa nyapara, Charo, nayo ilisema hivi: mawe yote yatawekwa katika ghala huko Kwale, ghala litakuwa na mtunzaji mmoja wa kudumu, mtunzaji atakaa katika nyumba ya vyumba viwili iliyo nyuma ya ghala, nyapara ataandika jina la mtu huyo.

Kanze, mpishi wa kambi, alisomewa barua hiyo mara moja tu, na alichokisikia ni vyumba viwili, Kwale. Kutoka kwao, upande wa Kinango, shule iliyo karibu ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima. Binti yake, Jumwa, alikuwa na miaka tisa na alikuwa hajaingia darasani hata siku moja. Huko Kwale, kutoka ghalani hadi shuleni, mtoto angeweza kusahau kalamu nyumbani, akarudi kuichukua, na asichelewe.

"Nisikilizeni," alisema Charo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye masharubu aliyoyatunza kama bustani. "Ningeweza kujiandika mwenyewe hapa, nani angeniuliza? Lakini sitaki kesho mseme Charo kajipendelea. Tutaamua kama tulivyoamua mizigo siku zote. Karata."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kambi. Masanduku ya mawe yaliteremshwa kwa kichwa hadi barabarani, na daima lilikuwapo moja zito kupita mengine. Hapo mwanzo watu waligombana kila asubuhi. Kisha Bwana Jiwe, wakati wa masika, akawafundisha mchezo wa kwao, na tangu siku hiyo sanduku zito likawa la yule aliyeshindwa mkono wa mwisho. Hakuna aliyebisha tena. Charo naye alicheza kwa kujifurahisha tu, kwa kuwa nyapara habebi.

"Mimi, Menza na Mzee Fondo," Charo aliendelea. "Watatu. Basi."

"Na mimi wa nne," alisema Kanze.

"Wewe mpishi."

"Wapagazi walipolala na homa, sanduku la nane lilikwenda kwa miguu yake? Na la tisa? Anayebeba anacheza. Neno hilo ulilisema wewe, Bwana Charo, na mimi nilikuwa papa hapa nikikoroga uji."

Menza, mchimbaji, kijana asiyeweza kukaa dakika tano bila mzaha, alicheka. "Kweli alibeba. Tena alibeba akiimba, akatutia aibu."

"Mimi hamtanihesabu," alisema Mwongeli, aliyekuwa akiosha mawe kambini. Alitoka katika mashamba ya walowezi wa Kikamba kule juu Shimba, na kanisa lake halikupenda karata. "Nitakaa hapa kuwaombea."

"Tuombee sote sawasawa, dada," alisema Menza, "usimpendelee shoga yako."

Basi wakawa wanne na mwombezi wao. Mzee Fondo, mpagazi wa siku nyingi, aligawa korosho za maganda, ishirini kwa kila mtu, juu ya sanduku lililofunikwa gunia. Atakayezikusanya zote ndiye atakayeandikwa.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kila mtu hupewa karata mbili, akazificha. Watu hutia korosho, au huongeza, au hutupa karata zao wakajitoa. Kisha hufunguliwa karata tatu katikati, ni za wote. Hizo tatu Bwana Jiwe alikuwa na jina lake, lakini siku ya kwanza kabisa Kanze aliziona zimekaa pale, akasema, "Mafiga," na jina likabaki. Baada ya mafiga watu hutia tena. Ikafunguliwa ya nne, wakatia. Ikafunguliwa ya tano, wakatia kwa mara ya mwisho. Mwenye mpangilio mkubwa kati ya zake na zile za katikati ndiye anayezoa.

Jambo gumu halikuwa hilo. Watu wa pwani tayari walikuwa na karata zao vichwani. Wote wanne walikuwa wamekulia katika wahedi na sitini, na katika mchezo huo ree ni kumi na moja, seti ni kumi, na mfalme, pamoja na taji lake lote, ni nne tu. Bwana Jiwe aliwaeleza mara mia kwamba kwake seti ni saba, haiifikii hata nane. Walimwelewa. Lakini kuelewa ni kwa kichwa, na karata hushikwa kwa mkono. Seti ilipotokea mezani, mikono yao ilishtuka.

Kanze alikuwa na kosa lake mwenyewe, na halikuwa hilo. Katika masika yale alipata wafalme wawili katika mkono wa mwisho. Mafiga yakafunguliwa, hayakuwa na kitu cha kutisha, naye akaona haya kutia korosho mbele ya wanaume. Akapita. Ikaja ya nne, akapita. Menza, aliyekuwa hana lolote, akaifuata kila karata bila kutoa hata korosho moja, na ile ya mwisho ikampa jozi mbili. Sanduku la tisa likapanda kichwani kwa Kanze.

Njiani, shingo ikimwaka, alilifikiri jambo lile. Kama angetia korosho, Menza angejitoa. Hakushindwa na karata. Aliwapa watu karata za bure. Akaendelea kufikiri, hatua kwa hatua, na akaona kwamba hiyo haikuwa mara yake ya kwanza. Mume wake alipofariki, mashemeji waliuliza kwa upole kama wangeweza kulilima shamba la chini kwa msimu mmoja tu, naye akaona haya kukataa. Msimu huo ulikuwa haujaisha hata leo. Mtu mwenye kitu kizuri mkononi, akikaa kimya, huwalipia wengine safari ya kuja kumnyang'anya. Alilitua sanduku barabarani, akaapa hatarudia.

Sasa walicheza. Mzee Fondo alitoka kwanza, bila majuto.

"Umri wangu na Kwale, kile kilima cha nini?" alisema. "Nipeni nigawe."

Akawa mgawaji. Menza alicheza kama alivyozungumza, kwa pupa, na korosho zilimjia na kumkimbia. Kanze alikuwa mtulivu. Alitupa karata nyingi, na kila alipobaki na kitu alikitilia.

Kisha akapewa ree mbili.

Hakuna karata mbili zinazozishinda ree mbili. Aliongeza, Charo akajitoa, Menza akafuata. Mzee Fondo akafungua mafiga: kopa, kopa, kopa. Nane, tisa na ghulamu. Kanze alizitazama ree zake chini ya kiganja. Moja ya pau, moja ya uru. Hakuna kopa hata moja.

Alitia korosho nne kama kupapasa giza. Menza hakucheka. Hilo ndilo lililomgutusha. Menza, ambaye hata mazishini alitafuta cha kuchekesha, alisukuma korosho kumi na mbili mbele bila neno.

Kanze alizitazama zile kumi na mbili. Karata hizi zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kushika, na kwa sababu hiyo hasa zilikuwa ngumu kuachia. Lakini ree mbili zilikuwa nzuri kabla ya mafiga. Mafiga yamekwisha kuwekwa, na yamewekwa na mtu mwingine. Chungu hata kikiwa cha thamani namna gani, ukikitua juu ya mawe yanayoyumba utamwaga chakula. Akazigeuza karata zake ili wote wazione, akazitupa.

"Ree mbili!" Charo alishika kichwa. "Mama Jumwa, umetupa ree mbili! Wallahi, rudi jikoni."

"Nitarudi nikitaka."

Menza hakuonyesha karata zake. Kanze hajui mpaka leo kama alikuwa na kopa mbili mkononi au alikuwa na njaa tu. Kanze alibaki na korosho tisa, na Mwongeli akafumba macho akasali kwa Kikamba, kwa sauti ambayo hata Mungu mwenye shughuli nyingi asingeweza kuipuuza.

Tisa zikawa ishirini, kwa sababu Menza, akidhani mwanamke amevunjika moyo, alimfuata na jozi ndogo, akamkuta na malkia wawili. Baadaye Menza akatia zote alizobaki nazo juu ya seti mbili, akiwa ameng'aa uso mzima, na Kanze akamfungulia kumi mbili.

"Hee!" alisema Menza akizitazama seti zake kama watoto waliomkosea adabu. "Nyumbani kwa baba, hizi zingenioza mke."

"Hapa zitakuoza sanduku," alisema Mzee Fondo.

Wakabaki wawili, Charo na Kanze. Korosho zao zilikuwa karibu sawa. Kanze alimzidi kwa mbili. Jua lilikuwa limefika utosini, na turubai lilinuka vumbi na mpira. Charo alivua kofia. Alifungua shati kidogo, na ufunguo ukaonekana kifuani pake. Kanze hakujua aliuvaa saa ngapi.

Mzee Fondo akagawa.

Kanze aliinua pembe za karata zake. Mfalme wa shupaza. Mfalme wa uru. Wale wale wa masika, alidhani, wamekuja kumwuliza kama amesahau.

Charo alizitazama zake, na kidole kikapanda kwenye masharubu. Akaongeza nne. Kanze akafanya nane. Charo akalipa haraka, kama mtu anayeogopa duka litafungwa.

Mafiga: seti ya pau. Tisa ya kopa. Tatu ya uru.

"Seti!" Menza alinong'ona, na Mzee Fondo mwenyewe akavuta pumzi. Seti ilikaa pale katikati kama mgeni wa heshima, na mkono wa Kanze, mkono uliofundishwa wahedi na sitini na babake, mzee Tembo, ukataka kurudi nyuma. Ilikuwa zamu yake. Neno la zamani lilikuwa ulimini tayari: napita. Ni neno dogo, lenye adabu.

"Kumi," alisema Kanze, akazisukuma.

Charo alicheka kwa sauti. Akakusanya korosho zake zote kwa mikono miwili, akazimwaga katikati hata nyingine zikaanguka chini. "Zote! Zote, mama. Tupa tu, kama ulivyotupa zile ree. Ile seti unaiona, au nikusogezee?"

"Tupa, Mama Jumwa," alisema Menza, na safari hii hakuwa akitania. "Seti imetoka. Utabaki na nyingine, utacheza tena."

Kanze aliyatazama mafiga, moja moja, kama anavyotazama mawe kabla ya kutua chungu. Zile kopa tatu za mwanzo zilikuwa zimeshikana: rangi moja, namba zinazokaribiana, kila mtu angeweza kuwa amejificha ndani yake. Hizi hazikujuana. Pau, kopa, uru. Saba, tisa, tatu. Haziendi pamoja popote. Nini kingemshinda hapa? Seti mbili zilizofichwa. Tisa mbili. Tatu mbili. Lakini mchezaji wa wahedi na sitini mwenye seti nzuri huificha na kunyamaza hadi ree zipite. Charo alikuwa hivyo, Kanze alikuwa amempikia miaka miwili na kumtazama. Alipokuwa na nguvu ya kweli, Charo alikuwa kimya kama paka. Leo alikuwa akipiga kelele. Alikuwa na seti moja, na alikuwa akiipenda kwa bei ya nyumbani kwao.

Na kama si hivyo? Kama amekosea? Basi angeshindwa akiwa ametia, si akiwa amepita. Alimfikiri Jumwa, ambaye saa hiyo pengine alikuwa akirudi kisimani.

"Nimelipa," alisema. "Fungua zako."

Charo alizipiga karata zake juu ya gunia. Ree ya kopa. Seti ya kopa. "Ree na seti! Kumi na moja, kumi! Ishirini na moja mkononi, na nyingine mezani!"

Kanze akawaweka wafalme wake wawili chini, taratibu, mmoja kando ya mwingine.

Kisha Menza akasema kwa upole, "Nyapara, huku hatuhesabu hivyo."

"Gawa, mzee," alisema Charo.

Ya nne: ghulamu wa pau. Ya tano, Mzee Fondo aliishika muda mrefu kidogo, si kwa ukatili, ni vidole tu vya uzee: mbili ya shupaza.

Jozi ya wafalme. Jozi ya seti. Mwongeli, ambaye hakujua mchezo, aliuliza, "Ni nani?" na alipoona uso wa Charo hakuuliza tena.

Charo alisimama. Akafunga kifungo cha shati, na ufunguo ukapotea ndani. "Haya," alisema. "Tumecheza, tumecheka, mchana umepita. Sasa tuseme maneno ya watu wazima. Kwale ni Serikali. Nikipeleka mwanamke kulinda ghala, mpishi, watatucheka sote. Karata ni mchezo tu."

Kanze alihisi uso ukimwaka. Alijua saa hii. Ni saa ambayo mashemeji husema kwa upole, na mwenye haki huona haya. Alikuwa ameshinda mafiga, akashinda ya nne na ya tano, na sasa walikuwa wanamwomba karata moja zaidi ya bure.

"Wacheke," alisema. "Mimi nitakuwa ndani ya ghala na ufunguo, wao watakuwa nje na kicheko chao. Nipe."

"Mama Jumwa, nisikilize..."

"Nimekusikiliza miaka miwili, Bwana Charo, kwa adabu. Uji wako umewahi kukosa chumvi? Uliniambia anayebeba anacheza, nimebeba, nimecheza. Ulisema anayezikusanya zote anaandikwa. Zihesabu. Zile za chini pia, ziokote uzihesabu."

Hapo Mzee Fondo akainuka. Ilimchukua muda, kwa sababu ya mguu.

"Charo, mwanangu," alisema. "Masika yale mguu huu ulikuwa umevimba kama boga. Nilikuja kwako nikakuambia, nisaidie, siwezi sanduku leo. Ulinijibu nini?"

Charo akainama kuokota korosho moja.

"Ulisema, 'Mzee, karata zimesema.' Nikabeba hadi barabarani. Mpaka leo mguu haunyooki. Sikukulaumu, maana nilisema moyoni, karata zimesema, na zinasema kwa wote. Sasa niambie mbele ya hawa. Siku ile ulikuwa mchezo tu?"

"Mimi nasema karata ni dhambi," alisema Mwongeli kutoka nyuma. "Lakini kuvunja neno ulilolitoa mwenyewe, hiyo ni dhambi hata kwa wasiocheza."

Menza alikuwa amekwisha kuichukua barua juu ya sanduku. Alimkabidhi Charo pamoja na kalamu, na kwa mara ya pili siku hiyo hakucheka.

Charo aliwatazama wote wanne. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuachiwa. Aliinama juu ya sanduku, akaandika. Kisha akautoa ufunguo shingoni, kamba ikamkwama sikioni, na hakuna aliyemcheka. Kanze akauvaa. Chuma kilikuwa na joto la kifua cha mtu mwingine, na akangoja hadi kilipopata joto lake.

"Lori linangoja barabarani," alisema Mzee Fondo. "Limebaki sanduku hili."

Wote walilitazama. Menza akalijaribu kwa mguu. Lilikuwa zito kupita yote ya mwaka ule.

"Aliyeshindwa mkono wa mwisho," alisema Menza, na hapo tabasamu lilirudi.

"Nyapara habebi," alisema Charo.

"Kambi imevunjwa," alisema Kanze. "Hapa hapana nyapara."

Hakulisema kwa hasira. Aliingia nyuma ya turubai alikokuwa ameweka vitu vyake, akarudi na ngata yake, ile aliyoizungusha kwa kipande cha leso kuukuu siku ya sanduku la tisa. Ilikuwa imelainika kwa jasho. Akampa Charo kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa kitu.

"Iweke nyuma kidogo, si katikati," alimwambia. "Shingo ikianza kuwaka usisimame. Ukisimama, utalitua."

Charo aliipokea. Menza na Mwongeli wakamtwika. Alipepesuka, akajishika, akasimama sawasawa.

Kisha Kanze akatangulia kuteremka.